Mabamba Niliyompa Mama Mkwe

Siku nilipofungua mlango wa tanuru la kinu cha mafuta nikakuta stenlesi yangu imelala, nilidhani ni macho yananidanganya. Nikaufunga mlango, nikajifuta jasho, nikaufungua tena. Imelala. Bamba nililolifunga kwa mikono hii hii, likiwa jeupe kama kioo cha kunyolea ndevu, lilikuwa linaning'inia katikati ya tanuru kama ulimi wa ng'ombe aliyekufa, na ngozi yake inabanduka vipande vyeusi. Nikaligusa kwa mtaimbo. Likadondoka kona nzima, bila hata kelele ya maana.

Siku tisa tu tangu nilifunge. Hata kuku akilalia mayai kwa siku tisa, hapo hajafika nusu.

Ni lazima mjue mimi ni nani ndipo muelewe kwa nini nilikaa chini kwenye majivu. Nimezaliwa upande wa Mwanhuzi, kwenye ukame na ng'ombe. Nilisoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Bariadi niliingia kwa miguu, nina bisibisi moja na spana mbili, nikaanza kwa kuziba baiskeli. Kutoka baiskeli nikaenda kwenye plau, kutoka plau nikaenda kwenye matela ya ng'ombe, halafu mageti, halafu matangi. Katika mtaa wetu mashine ya kuchomelea ya kwanza ilikuwa yangu, na watu walikuja na viti vyao kuangalia cheche. Plau zilizokatika kutoka Lamadi mpaka Binza zimepita mkononi mwangu. Anayebisha alete plau niliyoishona mimi, anionyeshe ilipoachia. Nasubiri mpaka leo.

Kwa hiyo kushtuka haikuwa tabia yangu. Mtu wa kushtuka hachomelei tangi lililokuwa na petroli, na mimi nimechomelea matatu.

Sasa, miaka ile ya ruksa, wafanyabiashara binafsi walipofunguliwa mlango wa kununua pamba, Bariadi iligeuka. Zamani pamba ilikuwa na njia moja tu, ushirika, na ukikosa pale unarudi nayo nyumbani. Soko huria likaja na mizani kila kona, magari ya namba za Mwanza na Dar, na watu wenye viatu vinavyong'aa wakiuliza bei kwa Kisukuma cha kubahatisha. Wakati huo tulikuwa bado mkoa wa Shinyanga, Simiyu haijazaliwa. Mmoja wa hao wenye viatu, ambaye sote tulimwita tajiri, hakutaka pamba. Alitaka mbegu zake. Alijenga kinu cha kukamua mafuta, na kwa kuwa viwanda vya serikali vilikuwa vinafungwa na kuuzwa vipande vipande, akanunua bwela, lile tangi la kuchemshia maji yawe mvuke, na tanuru lake kutoka kiwanda kimoja kilichokufa, akavileta kwa lori.

Tanuru lile lilikuwa linachomwa kwa makapi ya mbegu za pamba. Moto wake ni mkali kuliko wa kuni, unapiga kelele kama mvua juu ya bati. Kazi yake ni kuchemsha maji ya bwela, mvuke uende ukapike mbegu kabla hazijakamuliwa. Ndani yake kulikuwa na mabamba manne mazito yamesimama, kazi yake kuugeuza moto usambae kwanza ndipo ulambe tumbo la bwela. Bila mabamba, moto unakwenda moja kwa moja kupiga sehemu moja, na bwela linaweza kupasuka.

Wakati wa kushusha lori, bamba moja liliwaponyoka wapakuzi. Likavunjika vipande viwili. Halikukunjika. Lilivunjika kama chungu. Tajiri akaniita.

Nikafika na sumaku yangu. Niliitoa kwenye spika ya redio iliyokufa, nikaifunga kamba, nikawa natembea nayo shingoni kama daktari na kipimo chake. Sisi mafundi wa Bariadi tulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeibishia: sumaku ikishika, hicho ni chuma cha kawaida, jamaa yake jembe. Isiposhika, hiyo ni stenlesi, chuma cha kizungu, haili kutu, haifi. Nikaisogeza kwenye bamba lililovunjika. Tap. Ikashika. Nikajaribu mengine matatu yaliyo mazima. Tap, tap, tap. Na rangi yake ilikuwa mbaya, kahawia ya kijivu kama chungu cha zamani, pembeni kuna namba na herufi zimegongwa.

Nikamwambia tajiri amepigwa. Nikamwambia hivi vyuma hata mama yangu angevikataa, na kwamba moto wa makapi unataka stenlesi tupu. Tajiri alikuwa mtu wa kusikiliza. Aliniuliza kama nina uhakika. Nikacheka, nikamwonyesha sumaku ilivyong'ang'ania. Akasema basi tafuta stenlesi, na hayo mabovu yatoe mbele yangu.

Nilikwenda Lamadi. Pale, karibu na barabara kubwa, kulikuwa na mwuza vyuma chakavu aliyepata meza za kukatia minofu ya sangara kutoka kiwanda kimoja cha samaki. Alikuwa mtu wa maneno mengi, kofia yake imetoboka, na alinipima kwa macho kuanzia viatuni.

"Fundi wa Bariadi, hizi si za kuangalia, ni za wenye uwezo," akaniambia.

"Uwezo ninao. Wewe unayo stenlesi au una bati lililopigwa rangi?"

"Lambisha sumaku yako hapo, halafu unyamaze."

Nikailambisha. Ikateleza, ikaanguka. Nikajaribu pembeni, katikati, chini. Inateleza kama kwenye kioo. Nikakamua ndimu juu yake, nikaenda kula, nikarudi, hakuna hata doa. Nikanyamaza kama alivyosema. Nilizipakia kwenye gari, zinanuka samaki mpaka abiria wakahama viti.

Meza zilikuwa nyembamba, kwa hiyo nikazibandika tatu tatu, nikazichomelea kingo zote kwa mshono mmoja mzuri kama wa cherehani. Watu walikuja kuangalia. Nikayasimamisha mabamba yangu manne ndani ya tanuru, nikayachomelea juu, chini na pembeni, yasitikisike hata kidogo. Moto ulipowashwa siku ya kwanza harufu ya sangara ilijaa kinu kizima. Wakina mama waliokuwa wanapepeta mbegu wakaniuliza, "Fundi, leo tunakamua mafuta au tunakaanga?" Nikawajibu wasubiri ugali.

Yale mabamba matatu mabovu nilimpelekea mama mkwe.

Mama mkwe wangu alikuwa anakaanga karanga za kuuza, kijijini kwao, mwendo wa baiskeli usiofika saa moja kutoka mjini. Alikuwa anatumia mifuniko ya mapipa, na kila baada ya muda mfupi moto unaitoboa. Kwetu, mkwe wa kiume na mama mkwe wanaheshimiana kwa umbali. Huingii jikoni kwake, humshiki mkono, hukai naye mkeka mmoja. Na ukimpa kitu, umekipa. Hakuna mkwe anayefuata zawadi yake. Mtu akifanya hivyo, hata watoto wake wataimbiwa nyimbo za kejeli. Kwa hiyo niliyaegemeza mabamba nje ya ua wake wa minyaa, nikamsalimia kutoka huko kwa Kisukuma, kama mama yangu mwenyewe, "Mwadila, mayu. Nimeleta vyuma vya kawaida tu, vya kukaangia." Akanishukuru kutoka ndani, "Wabeja, mkwe," nikaondoka. Yalikuwa takataka kwangu. Nilijiona nimetoa takataka nikapata shukrani, na nilifurahi njia nzima.

Mke wangu alipotoka kumtembelea alisema mama anayasifu sana. Moja amelilaza kwenye mafiga, mengine mawili amezungushia jiko kukinga upepo. Nilicheka. Nikamwambia mama yako hajawahi kuona chuma.

Basi ndipo ile siku ya tisa, kwa kuwa mvuke ulikuwa umeshuka na mwendesha bwela analalamika, nikaamuru moto uzimwe, tanuru lipoe, nikafungua mlango. Mmeshajua nilichokiona.

Tajiri alikuja akachungulia. Hakunitukana, na hilo lilinitisha zaidi. Alisimama akitazama uani kwake, ambako mbegu zilikuwa zimerundikwa juu kuliko nyumba, nyingine nje kabisa kwa kukosa nafasi, na upande wa ziwa mawingu yalikuwa yanapanda. Mbegu ya pamba ikinyeshewa inapata joto yenyewe kwa yenyewe, inaoza, mafuta yake yanakuwa machungu. Msimu wake wote ulikuwa uani pale.

Akaniambia injinia anakuja kesho kutoka Mwanza. Akaniambia pia, taratibu kabisa, kwamba injinia akisema sijui kazi, tanuru hilo litakuwa la fundi mwingine, na mimi nirudi kwenye plau.

Mnaweza kuona ni jambo dogo. Si dogo. Nilikuwa fundi wa tanuru. Kila mtu Bariadi alijua. Fundi anayerudishwa kwenye plau hafiki sokoni bila kupigiwa mluzi.

Injinia alipofika nilimpita, nikaenda kumsalimia dereva. Dereva akanionyesha kwa kidevu: injinia ni huyo. Alikuwa mwanamke, mdogo kwangu, amevaa buti za vumbi na anakunywa soda. Nilishtuka, sitaficha. Akanisalimia vizuri, "Shikamoo fundi," akaomba aingie tanuruni. Akaingia nusu mwili, akatoka na kipande cha stenlesi yangu, akakivunja kwa vidole. Kwa vidole! Stenlesi niliyoshindwa kuikwaruza kwa msumari!

"Hii ilikuwa wapi kabla?"

Nikamwambia kiwanda cha samaki.

"Ndiyo. Hii ni ya maji, fundi. Ya maji, chumvi na visu. Moto huu si wake."

"Lakini ni stenlesi, dada. Sumaku haikushika."

Hakucheka, namshukuru. Alivuta ndoo akaikalia, akanieleza kama unavyomweleza mtu mzima. Akasema stenlesi si kabila moja. Kila moja inajitengenezea ngozi nyembamba ya kujikinga, lakini ngozi ya aina nyingine inahimili maji tu, na ya aina nyingine inahimili moto mwekundu miaka na miaka bila kubanduka. Zile za moto zimetiwa dawa zaidi ndani yake zinapoyeyushwa. Na katika hizo za moto, nyingine sumaku inashika, nyingine haishiki.

Nikamwomba arudie hapo mwisho.

"Sumaku inakuambia kama inashika, basi. Haikuambii chuma kitaishi motoni au kitakufa."

Miaka yote ile. Vyuma vyote nilivyovikataa kwa ile sumaku, vyote nilivyovichagua kwa ile sumaku. Nilijisikia kama mtu aliyeambiwa kwamba njia aliyopita kila siku kwenda kwake haiendi kwake.

Aliendelea kuuliza. Akasema kuchomelea pande zote nako kulikuwa kosa, kwa sababu chuma kikipata moto kinarefuka, na kikikosa pa kwenda kinajikunja. Halafu akauliza ya zamani yalikuwaje. Nikamweleza: mazito, kahawia, yana namba pembeni, sumaku inashika, na moja lilivunjika kama chungu. Nilipofika kwenye chungu akasimama kutoka kwenye ndoo.

"Hayo ndiyo yenyewe," akasema. "Yakikaa motoni miaka, yakishapoa ukiyadondosha yanavunjika. Yakiwa ya moto, hayana shida. Mengine yako wapi?"

Tajiri akanigeukia. Mwendesha bwela akanigeukia. Wakina mama wa mbegu wakaacha kupepeta.

Nikauliza kama hatuwezi kuagiza mapya. Akasema yanaweza kupatikana nje ya nchi, kwa meli, miezi. Sote tukatazama mawingu.

Nikasema yako kwa mama mkwe.

Sitasimulia vicheko. Tajiri peke yake hakucheka, yeye hakuwa Msukuma, hakuelewa nimesema nini. Mwendesha bwela ndiye aliyemweleza kwamba afadhali mabamba yangekuwa baharini.

Nilimtuma mke wangu. Aliondoka kwa baiskeli ananung'unika, akarudi bila kitu. Mama amesema aliyeleta ndiye aje, si mwanamke wa kutumwa. Nikamfuata shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anisindikize angalau awe mdomo wangu. Alikubali haraka sana, nikajua anakwenda kuangalia sinema ya bure.

Tulifika nikakuta ni siku mbaya. Wateja wa karanga walikuwa pale, wanawake kama sita na wazee wawili, wamekaa nje ya ua wanasubiri. Harufu ya karanga ilikuwa imetanda. Nikasimama upande wangu wa minyaa, yeye upande wake, hatuonani, ila moshi tu unapanda katikati yetu. Kwenye mwanya wa ua niliona bamba langu limelala kwenye mafiga, moto mkali chini yake, limenyooka kama siku nilipolileta.

Shemeji akaanza kusema kwa niaba yangu, maneno ya mbali, ya kuzunguka. Mama mkwe akamkata.

"Wewe nyamaza, wewe ni mwanangu. Mkwe amekuja na mdomo wake?"

"Ninao, mayu," nikasema.

"Ulipoyaleta uliniambia ni nini?"

"Vyuma vya kawaida."

"Na leo ni nini?"

Nikasema ni vyuma vya maana sana, vya kiwanda, vimetakiwa na injinia wa Mwanza. Nilianza kueleza habari ya aina za stenlesi, ya maji na ya moto, kana kwamba nilizaliwa nazo. Aliniacha nikaongea mpaka nikaishiwa. Nilisikia kijiko chake kinageuza karanga.

"Mimi nimejua tangu wiki ya kwanza," akasema. "Mfuniko wa pipa ukiupiga moto unatoa maganda, karanga zinaingia uchafu. Hili halitoi. Nilimtuma mwanangu akuambie. Ulisemaje?"

Mke wangu, kumbe alikuwa amemweleza. Kwamba hajawahi kuona chuma.

Wanawake nje ya ua waliacha kutafuna karanga. Nilitafuta neno la kupitia pembeni, na mimi maneno ya pembeni sikosi. Kilichokuwa kinanizunguka kichwani ni kwamba mwanamke ambaye hajashika nyundo maisha yake yote alilipima lile bamba kwa moto wenyewe, akapata, na mimi nililipima kwa kipande cha spika.

"Sema hukujua," mama mkwe akasema. Hakupaza sauti.

Nina miaka mingi sasa, nimesema maneno mengi mbele ya wakubwa, mpaka mbele ya mkuu wa wilaya. Hakuna neno lililonitoka kwa shida kama lile.

"Sikujua, mayu."

"Sikusikii, moto unapiga kelele."

"Sikujua."

Halafu nikasikia vyuma vinaburutwa. Mama mkwe akamwita shemeji aingie, naye akatoka amebeba mawili, yale yaliyokuwa yanakinga upepo. La tatu halikutoka. Shemeji akauliza, mama mkwe akajibu kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba hilo ni la karanga, na kwamba yeye naye ana kiwanda. Wateja wakaangua kicheko, mmoja akapiga kigelegele. Nikasema wabeja, mara mbili, kwenye minyaa.

Mabamba mawili badala ya manne. Injinia alikuna kichwa, akachora chini kwa kijiti, akasema tutajenga ukuta mfupi wa matofali ya moto, yale yaliyokuja na lori, mahali pa mawili yaliyokosekana. Akaniambia nisichomelee. Niyatundike kwa ndoano, niache nafasi ya vidole viwili kila upande. Kila kitu ndani yangu kilitaka kuchomelea. Bamba lisilochomelewa, machoni pangu, ni bamba lililoachwa njiani. Nikatundika. Nikapima vidole viwili, kila upande, mbele ya watu.

Tuliwasha moto mchana. Nikasimama kwenye tundu la kuchungulia, kila mtu mwingine akarudi nyuma. Mabamba yakawa mekundu. Yakaenda kwenye rangi ya chungwa. Nikasubiri yalale. Nilikuwa nimeshajiandaa yalale, nimeshajua hata njia nitakayopita kwenda nyumbani bila kukutana na mtu. Yakarefuka, niliona kwa macho yangu nafasi ya vidole viwili inakuwa kidole kimoja, halafu yakatulia. Yamesimama. Yanawaka kama jua la jioni na yamesimama wima.

Nyuma yangu nilimsikia tajiri anamwuliza injinia, na kuhusu fundi, anasemaje. Sikugeuka.

"Ametundika vizuri," injinia akasema. "Na akiambiwa anasikia. Mwache, ila vyuma vya humu ndani asinunue bila kuniletea kipande."

Tajiri akatazama mbegu zake uani. Akasema sawa.

Mpaka leo tanuru lile ni langu, na mengine matatu niliyopata kwa jina lililojengwa na hilo, na hakuna fundi kati ya hapa na Maswa anayeweza kusema hivyo. Lakini dakika ile sikuwaza jina. Mvuke ulianza kupiga mluzi kwenye bomba, wakina mama wakainama kwenye magunia, na mimi bado nimeganda pale tunduni, uso unaungua, naangalia vyuma viwili vya rangi ya chungu. Nikageuka, nikapaza sauti walete mbegu.